Mkiturudishia Petroli ya Ethanoli, Iandikeni Kwa Pampu

Leo sibongi bonasi wala siasa ya kaunti. Leo ni petroli, na kabla upite hebu nikuulize: nyumbani kwenu kuna boda? Kuna mashine ya kuchuna majani, ya kukata nyasi, pawa ya kupasua mbao, pampu ya maji, jenereta? Basi hii ni stori yako, hata kama wewe unakaa Nairobi na mashine iko kwa mzee huko Litein.

Msimamo wangu ni huu. Siku petroli iliyochanganywa na ethanoli itarudi kwa sheli zetu, lazima iandikwe kwa pampu: asilimia ngapi, herufi kubwa, kwa Kiswahili. Na yeyote anayeuza mashine ndogo Kericho na Bomet alazimishwe kumwambia mnunuzi vile mafuta yake yanawekwa. Bila hizo mbili tutazika injini nyingi sana, na watakaolia ni vijana waliochukua mkopo kununua mashine. Waliopitisha sheria watakuwa kwa gari la serikali, mafuta ya serikali.

Nimesema "itarudi" kwa sababu ilishawahi kuwa hapa. Muhoroni, huko chini tu ya milima yetu kwa mashamba ya miwa, kuna kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company. Miaka ya 1980 kilikuwa kinatengeneza ethanoli kutoka kwa molasi, ile takataka nzito nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa. Ethanoli hiyo ilichanganywa na petroli, karibu asilimia 10, ikauzwa kwa jina la gasoholi. Waulize wazee walioendesha pikapu enzi hizo. Mpango ukafa mwaka 1993, na tangu hapo wazo la kuufufua limetajwa tena na tena.

Majirani nao hawajalala. Uganda ina sheria yake ya nishati ya mimea ya mwaka 2020. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975. India, kule Boxer na TVS zetu zinatoka, ilifika asilimia 20 mwaka 2025, na wenye magari na pikipiki za zamani wakapiga kelele mtandaoni. Kwa hivyo usiniambie haya ni mambo ya mbali.

Sasa wacha niseme kitu ambacho watu wa "mafuta ni sumu" hawatapenda. Mimi sina shida na ethanoli. Ethanoli ni pombe, inaungua vizuri, na mkulima wa miwa wa Muhoroni anahitaji soko kama vile mkulima wa chai wa Mogogosiek anahitaji. Kila lita inayotengenezwa hapa inapunguza mafuta tunayonunua kwa dola. Poa kabisa. Shida yangu ni maji, na shida yangu kubwa zaidi ni kunyamaziwa.

Tuanze na maji. Petroli ya kawaida haipatani na maji. Maji yakiingia, yanashuka chini yanakaa hapo, na fundi anayamwaga. Ethanoli iko tofauti, inapenda maji. Inayashika na kuyaficha ndani ya mafuta, na kwa kiasi kidogo hiyo hata ni faida, kwa sababu yanapita kwa injini yanaisha. Lakini kuna kikomo. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaweza kubeba maji kama nusu ya asilimia moja. Hiyo ni kama mililita 5 kwa kila lita. Kijiko kimoja cha chai, mazee. Kijiko kimoja!

Ikipita hapo, mchanganyiko unavunjika. Ethanoli na maji vinashikana, vinaiacha petroli juu, vinazama chini ya tanki. Na bomba la kuvuta mafuta liko wapi? Chini. Kwa hivyo injini inavuta pombe yenye maji. Petroli iliyobaki juu nayo imepoteza nguvu, kwa sababu ethanoli ndiyo ilikuwa inaipandisha oktani. Na baridi inaharakisha hiyo kuvunjika: mafuta yakipoa, uwezo wa kubeba maji unashuka. Yaani mchana mtungi unaweza kuwa sawa, na asubuhi ukupate umejigawa mara mbili.

Sasa niambie, ni wapi Kenya kuna mvua na baridi ya usiku kutushinda? Hapa mvua inanyesha karibu mwaka mzima, saa nane mchana wingu linakuja kama limeajiriwa, na usiku unatafuta blanketi ya pili. Tanki likikaa nusu tupu, nafasi ile ya juu imejaa hewa yenye unyevu. Usiku inapoa, matone yanashika kwa ukuta wa tanki ndani, yanateremka kwa mafuta. Kesho tena. Keshokutwa tena. Ongeza kifuniko kilicholegea na mashine iliyoachwa nje kwa kibanda kinachovuja. Kijiko kimoja hakiko mbali.

Kwa injini ya tu-stroki ndiyo ngori yenyewe. Mashine nyingi za mkono za kuchuna majani, pawa, na nyingi za kukata nyasi hazina oili yake pembeni. Oili inachanganywa na petroli: mililita 20 kwa lita kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, mililita 40 kama kinasema 25 kwa 1. Mafuta yakijigawa, oili inabaki juu na petroli. Ile pombe ya chini inaingia kwa injini kavu, bila ulainisho wowote. Pistoni inakwaruza, inashika, kwisha. Halafu utasikia, "Hizi za China ni bure." Mashine haikuwa na makosa. Iliendeshwa bila oili na hakuna mtu alijua.

Na msifikirie ni hasara ndogo. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa hapa Kericho kwa sababu watu waliona zinawanyang'anya kazi. Huo mjadala ni wa siku ingine, na ni mkubwa. Lakini leo kuna kijana ambaye mashine ndiyo kazi yake. Anachunia majirani, analipwa kwa kilo. Mwingine anakata nyasi za shule na kanisa. Mwingine ana boda ya mkopo. Hawa injini ikishika, hakuna bima, hakuna gari la kampuni la kubeba spea. Kuna mtu wa mkopo kupiga simu tu.

Najua utaniuliza: kama ethanoli bado haijarudi rasmi, kelele ya nini? Kwanza, kwa sababu sheria ikishapita, muda wa kuongea umeisha. Pili, kwa sababu petroli yoyote ile, hata isiyo na tone la ethanoli, tunaiweka vibaya. Tunaiweka kwa chupa ya soda. Kwa mtungi wa mafuta ya kupikia ambao haujakauka. Nyuma ya mlango, karibu na jiko, mahali mtoto anafika. Petroli ikikaa miezi, ile sehemu yake nyepesi inayowasha injini inapaa, na inayobaki inaanza kuganda kama gundi ndani ya kabureta. Ndiyo maana mafundi wetu wa mjini wanaishi kwa kuosha kabureta. Kama tunaiua petroli ya kawaida hivi, ile yenye ethanoli tutaifanyaje?

Basi hizi ndizo njia, na hakuna hata moja inahitaji digrii. Nunua mafuta ya wiki mbili au tatu, yasizidi mwezi. Yaweke kwa mtungi wa chuma au wa plastiki ngumu uliotengenezewa petroli, wenye kifuniko cha kukaza. Ujaze karibu wote, uache nafasi kidogo ya kutanuka. Andika tarehe kwa kipande cha tepu, ubandike. Uweke kivulini, juu ya ubao, si kwa simenti yenye unyevu, na nje ya nyumba mnayolala. Oili ya tu-stroki changanya ile utatumia wiki hiyo tu, na utikise kabla ya kumwaga.

Mashine ikienda kupumzika, kwa mfano ile ya kupogoa chai ambayo inafanya kazi wiki chache halafu inalala, mwaga tanki. Kisha washa, iache ingurume mpaka izime yenyewe. Hapo kabureta imekauka na hakuna kitu cha kuganda. Dakika tano, bure. Angalia pia mabomba ya raba, hasa kama mashine ni ya zamani. Ethanoli inavimbisha raba zingine na zingine inazikausha mpaka zinapasuka.

Ukitaka kujua kama petroli yako ina ethanoli, kuna kipimo cha mtu wa kawaida. Chukua chupa nyembamba ya kioo, nje, mbali na moto na sigara. Weka mililita 10 za maji, chora alama. Ongeza mililita 90 za petroli, funga, tikisa, acha itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini. Kama bado yako kwa alama yako, hakuna ethanoli. Kama yamepanda, hicho kilichoongezeka ni ethanoli imehamia kwa maji. Hiyo petroli ya kipimo usirudishe kwa tanki, tafadhali.

Halafu kuna biashara ya "dawa ya mafuta". Hapa niko na hasira. Kuna dawa halali za kuzuia petroli isizeeke haraka. Ukiziweka mafuta yakiwa mapya, zinasaidia. Lakini hakuna dawa ya kurudisha petroli iliyozeeka ikawa mpya, na hakuna ya kuunganisha vizuri mafuta yaliyokwisha jigawa. Mtu akikuuzia kichupa akikuambia kinafufua, anakuuzia maombi. Mafuta yakijigawa yanatolewa yote kwa tanki, mwisho wa hadithi. Na usiyamwage kwa mtaro, huo mtaro unaenda mtoni na mto huo kuna watu wanakunywa.

Turudi kwa wakubwa. Kila tarehe 14 EPRA inatangaza bei ya mafuta, mji kwa mji, mpaka senti. Senti, wasee! Mtu anayeweza kuniambia Bomet nitalipa senti ngapi zaidi ya Nakuru anaweza kuniambia kilicho ndani ya hiyo lita. Uingereza walipohamia asilimia 10 mwaka 2021, pampu zilibandikwa alama, wenye magari ya zamani na mashine ndogo wakaambiwa waangalie kabla, na petroli ya ethanoli ya chini ikaendelea kuuzwa kando. Hawakufanya hivyo kwa sababu wao ni malaika. Walifanya kwa sababu mnunuzi angeuliza.

Wengine watasema kibandiko kitaogopesha watu, biashara ya ethanoli ife kabla haijaanza. Mimi naona kinyume. Kinachoua biashara ni mashine kumi kushika kwa kijiji kimoja na hakuna mtu ana maelezo. Hapo ndipo uvumi unaanza, na uvumi ukishafika kwa grupu ya WhatsApp ya sheli na boda, hakuna waziri ataushika. Mwambie mtu ukweli mapema na atanunua, kwa sababu atajua la kufanya.

Na nyinyi wa maduka ya mashine, msijifiche nyuma ya serikali. Unauza mashine ya maelfu ya shilingi na kitabu cha Kichina na Kiingereza, halafu unamwambia kijana, "Iko sawa, weka tu mafuta." Mafuta gani? Ya lini? Kwa mtungi gani? Karatasi moja ya Kiswahili na Kipsigis itakugharimu shilingi ngapi?

Kwa hivyo wiki hii nataka tufanye kitu. Ukienda sheli, muulize anayekuwekea mafuta, kwa heshima, kama petroli hiyo ina ethanoli. Si makosa yake kama hajui, lakini aulizwe na watu ishirini kwa siku mpaka amuulize meneja. Ukienda kununua mashine, usitoe pesa kabla ya kuelezwa mafuta yanawekwa aje. Na bunge likiita maoni ya wananchi kuhusu kuchanganya ethanoli, twendeni tukaseme neno moja tu: iandikeni. Halafu leo jioni, kabla mvua irudi, nenda uangalie ule mtungi uko nyuma ya mlango kwenu. Uutoe nje.