Jina Ambalo Halikuwamo Katika Orodha



Baadhi yenu mmetuuliza swali hili: “Katika kanisa letu wapo akina mama wenye moyo wa kusaidia familia zenye shida. Tuanzie wapi?” Tungeweza kuwajibu kwa kuwapangia hatua moja, mbili, tatu. Lakini tumeona ni afadhali mwezi huu tuwasimulie kosa letu wenyewe, sisi tunaojitolea katika kituo cha kanisa huku Loliondo, kwa kuwa kosa lile lilitufundisha kuliko semina zote tulizohudhuria.

Kwa wale ambao hamjafika huku, Loliondo iko kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Upande mmoja tunapakana na Kenya na upande mwingine na Hifadhi ya Serengeti. Wengi wetu ni Wamasai wafugaji. Kwenye mabonde ya Sale, Digodigo na Samunge wako ndugu zetu Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, wakulima wanaomwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu enzi za mababu.

Watanzania wengi walilisikia jina la Loliondo mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia humo humo njiani. Kama wauguzi hatuna budi kusema wazi kwamba dawa ile haikuthibitishwa kuponya, na kuacha dawa za hospitali kwa ajili yake ilikuwa hatari. Lakini tulijifunza kwamba mtu mwenye shida atasafiri siku nyingi akisikia kuna mahali ambapo hatarudishwa.

Na makanisa yalikuwa yakifanya kazi ya kuwapokea wenye shida huku muda mrefu kabla ya mwaka 2011. Hospitali ya Wasso ilianzishwa miaka ya 1960 na Dakta Herbert Watschinger, padre na tabibu kutoka Austria, ambaye baadaye alianzisha pia ile ya Endulen. Kituo chetu ni kidogo mno mbele ya kazi kama hiyo. Ni chumba kimoja cha bati nyuma ya kanisa, chenye mizani ya watoto, masufuria mawili, mabenchi na kabati la unga.

Orodha yetu nzuri

Huku kwetu utajiri wa nyumba ni ng'ombe. Wakifa ng'ombe, maziwa yamekwisha, na mtoto anabaki na ugali mkavu. Wakubwa wanaukumbuka ukame wa 2009, ulioteketeza mifugo katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Ukame ulirudi tena baadaye. Kisha Juni 2022 eneo la Pololeti la kilomita za mraba 1,500 likawekewa vigingi, na familia nyingi zikapungukiwa malisho. Hatuandiki haya ili kufungua mjadala ambao una mahali pake. Tunaeleza tu kwa nini siku za mgao mlango wetu huwa na watu wengi kuliko unga uliomo kabatini.

Kwa sababu ya uchache huo tuliandika orodha. Tulidhani tumefanya kwa haki kabisa. Kila kiongozi wa mtaa wa usharika alileta majina ya familia kumi, wazee wa kanisa wakayapitia, tukayaandika katika daftari kubwa kwa wino. Siku ya mgao mama anataja jina, tunalitafuta, tunaweka alama ya vema, anapewa unga, maharage na mafuta. Hapakuwa na kelele wala kusukumana. Tulijisifu kidogo, tusiwafiche.

Siku moja akaja mama kijana ambaye hatukumfahamu. Alikuwa amebeba mchanga mgongoni na kumshika mkono mtoto mwingine, ambaye tulikuja kujua baadaye kuwa ana mwaka mmoja na miezi minane. Tukamsalimu, “Takwenya, yeyo.” Akaitikia, “Iko,” kwa sauti ndogo. Alitaja jina lake. Tulitafuta ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Jina halikuwamo. Alikuwa amefiwa na mume, na alihamia bomani kwa kaka yake miezi mitatu tu iliyopita. Hakuwa mshiriki wa usharika wowote, hivyo hapakuwa na kiongozi wa kumtaja.

Mmoja wetu alimwambia kwa upole, “Mwezi ujao njoo na barua ya kiongozi wa mtaa.” Yule mama alishukuru, akaondoka. Wapendwa, tulimwona mtoto yule ana mashavu yaliyojaa, tukadhani amenenepa! Sisi, tuliosomea uuguzi, hatukuinama kumtazama miguu.

Siku ya kumi na nne tulimkuta tena, safari hii hospitalini. Mtoto miguu imevimba, uso umevimba, nywele zimekuwa nyembamba na nyekundu, ngozi inabambuka mapajani. Hacheki wala hataki kula. Ulikuwa ni unyafuzi, ule ambao wengi huuita kwashakoo.

Jina hilo lilitoka Ghana, katika lugha ya Kiga, na lililetwa katika vitabu vya tiba na Dakta Cicely Williams miaka ya 1930. Akina mama wa huko walimweleza kuwa ni ugonjwa unaompata mtoto aliyetangulia pale anapozaliwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu. Mdogo wake alipozaliwa, yeye aliachishwa ziwa, na maziwa ya ng'ombe ambayo yangemshika mkono hayakuwepo.

Mtoto alilazwa. Siku za kwanza alipewa maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana, maana mtoto wa namna hii akishindiliwa chakula kingi kwa ghafula moyo wake unaweza kushindwa. Uvimbe ulipoanza kushuka, uzito nao ulipungua, na mama akalia akidhani anampoteza. Tulikaa naye tukamweleza kuwa ni yale maji yanayotoka mwilini. Baada ya hapo hamu ya kula ikarudi, na siku moja mtoto akamnyang'anya muuguzi kijiko. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Kabla hawajaruhusiwa, yule mama alituuliza bila hasira, “Siku ile, mlikuwa mnatafuta jina langu au la mtoto?” Hatukuwa na jibu.

Koko anaeleza osotua

Tulipolipeleka jambo hili kwenye kikao, mzee mmoja wa kanisa alisema, “Sadaka hii imetolewa na waumini. Tukifungua mlango kwa kila mtu, wa kwetu watakosa.” Tusimlaumu mzee huyo. Unga ulikuwa mchache kweli, na yeye ndiye aliyeulizwa na waumini sadaka yao imekwenda wapi.

Ndipo koko mmoja akaomba kusema. “Mzee wangu,” alisema, “sisi Wamasai tuna neno osotua. Maana yake ya kwanza ni kile kitovu kinachomuunga mama na mtoto. Mtu mwenye osotua nawe haji kukuomba mpaka awe na shida kweli, na haombi zaidi ya shida yake. Nawe unampa ulichonacho, wala huandiki deni. Neno hilo hilo ndilo tulilochagua kuliita Agano katika Biblia yetu ya Kimaa. Sasa tumelihubiri Agano miaka yote hii, halafu mlangoni tumeweka daftari?”

Kikao kilikaa kimya. Mchungaji akatukumbusha habari iliyo katika Matendo ya Mitume sura ya sita. Kanisa la kwanza kabisa lilipata manung'uniko ya namna hii hii, maana wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakufunga mgao, wala hawakuwagombeza wajane. Walichagua watu saba wa kuitazama kazi hiyo vizuri zaidi.

Tulichobadilisha

Nasi tuliitazama upya. Hatukuchoma daftari, maana bila kumbukumbu sadaka hupotea. Ila tulibadilisha mambo manne.

Kwanza, mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano anayefika mlangoni anapimwa kabla mama yake hajaulizwa jina. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano tunatumia utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto yuko hatarini. Kuanzia 12.5 ni kijani. Lakini mkumbuke mtoto wetu yule: aliyevimba aweza kuonyesha kijani huku anakufa. Kwa hiyo tunabonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba, tunahesabu sekunde tatu, na kama pakibaki shimo tunampeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, tumetenga sehemu ya unga kwa ajili ya wale ambao hawamo katika orodha. Usipotumika, unaingia mgao unaofuata. Bado haujawahi kubaki.

Tatu, akina mama wawili wetu hutembelea maboma yaliyo mbali, hasa nyumba za wajane, wake wadogo na wageni. Mwenye shida kubwa mara nyingi ndiye asiyefika kituoni. Pengine hana nauli, pengine anaona aibu, au hana wa kumwachia watoto.

Nne, mgao si mwisho. Mama akisimama kidogo tunamkaribisha katika kikundi cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita vikoba. Wanaweka hisa kidogo kidogo kila wiki, wanakopeshana kwa zamu, mwingine ananunua shanga, mwingine mbuzi wa maziwa. Yule mama wa mtoto mgonjwa ni mshika ufunguo wa sanduku sasa. Sanduku lina kufuli tatu, naye anashika mmoja.

Nyumbani kwako je?

Labda unasema, “Mimi nakaa mjini, watoto wangu wanakula.” Hata hivyo utapiamlo hauogopi mji. Tunawaomba akina mama mzingatie haya.

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita. Kisha mwanzishie chakula huku ukiendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Wa miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne.

Uji wa mtoto hauhitaji unga wenye nafaka kumi. Chagua nafaka moja, kama mahindi au ulezi, iupike uive, kisha uurutubishe kwa maziwa, au karanga zilizokaangwa na kusagwa, au kijiko cha mafuta. Mtoto apate pia yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na mboga za majani. Karanga au mahindi yenye ukungu usiwape watoto, wala usiyapeleke kanisani kama sadaka. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi.

Mtoto mdogo apewe sahani yake. Akila sinia moja na kaka zake, wao hushiba yeye akiwa bado anapuliza tonge. Na mkisaidiana na mume kupanga uzazi, mnampa mtoto aliyetangulia nafasi ya kukua kabla hajaja wa pili.

Tunarudi sasa kwa lile swali mlilotuuliza, tuanzie wapi. Anzeni na mlichonacho, hata kama ni sufuria moja. Wekeni kumbukumbu, ili kila mtoaji ajue sadaka yake imefika. Lakini Jumapili hii, kabla hamjaandika majina, kaeni pamoja mjiulize: katika mtaa wetu, ni nani ambaye hana mtu wa kumtaja? Nyumba ya mpangaji mgeni? Yule dada anayeuza mkaa, ambaye hasali kwetu? Mwandikeni huyo wa kwanza.

Nasi bado tunakosea. Mwezi jana tu kulikuwa na bibi aliyelea wajukuu wanne karibu kabisa na kituo, nasi tukawa tunampita kila siku kwenda maboma ya mbali. Mtuombee.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Hadi mwezi ujao, akipenda.