Kisomali na Programu za Biashara: Mfasiri Atoke Wapi?

Kampuni inayouza programu za kompyuta za kutunza hesabu, bohari na mishahara ikitaka kuingia Mogadishu au Hargeisa, jambo la kwanza hutafuta mtu ajuaye Kiingereza na Kisomali. Watu hao si haba. Wamejaa Nairobi, London na Minneapolis. Lakini kujua lugha mbili si kujua kufunga hesabu za mwaka, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Chukua neno moja tu la Kiingereza, “balance”. Mfasiri anayetegemea kamusi peke yake ataliona kuwa ni mizani. Lakini Msomali anayetuma fedha kwa simu huletewa kila siku ujumbe wenye neno haraa, yaani kilichobaki, sawasawa na salio la Kiswahili. Neno lipo tayari, tena liko mikononi mwa wananchi.

Riba ni mtego mkubwa zaidi. Kisomali kina ribo, lenye uzito wa katazo la dini, na kina dulsaar, yaani kilichowekwa juu. Mfasiri akiteua bila kuuliza, mwenye duka anaweza kuikataa programu nzima au, vibaya zaidi, akakubali deni asilolielewa.

Wapo wasemao kwamba Kisomali ni lugha changa ya maandishi na hakiwezi mambo ya biashara ya kisasa. Hiyo ni kasumba. Hati ya Kilatini ilitangazwa rasmi Oktoba 1972, na watumishi wa serikali waliozoea Kiingereza na Kiitalia wakapewa miezi michache tu kujifunza kuiandika lugha yao. Mwaka 1974 wanafunzi na walimu wa sekondari walipelekwa vijijini na malishoni kufundisha watu kusoma. Xisaab, deyn na raasumaal ni ndugu wa damu wa hesabu, deni na rasilimali. Lugha iliyoiita satelaiti dayax-gacmeed, mwezi uliotengenezwa kwa mkono, haishindwi na stakabadhi ya malipo.

Kilichovunjika ni dola, mwaka 1991, na kazi ya kusanifisha istilahi ikakosa msimamizi wa taifa zima. Aidha, Katiba ya muda ya 2012 inazitambua Maay na Maxaa-tiri, na mfasiri mmoja si lazima azimudu zote mbili.

Basi mfasiri asiachwe peke yake na orodha ya maneno, akilipwa kwa hesabu ya maneno. Aketishwe pamoja na karani wa hesabu wa soko la Bakaara, na istilahi watakazokubaliana zitangazwe kwa wote. Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, lina uzoefu mrefu wa kazi ya namna hiyo ambao jirani anaweza kuutumia. Gharama yafaa ibebwe na wauza programu, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuchuma faida, neno ambalo Msomali naye huliita faa'iido.