Washambulizi wa Leo na Kivuli cha Oliech

Wanafunzi wangu hapa Meru hawachoki kubishana: je, washambulizi wa leo wa Harambee Stars wanamfikia Dennis Oliech? Hesabu hujibu kwa sehemu tu. Katika michuano ya CHAN, Agosti 2025, Kenya ilicheza mechi 5 na kutikisa nyavu mara 5, bao moja kila mechi. Ziliilaza Kongo, Morocco na Zambia. Madagascar ilipokomboa, tukaaga kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali.

Mwaka 2004, nchini Tunisia, Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza waliichapa Burkina Faso 3-0. Lakini tusisahau kwamba ushindi huo ulikuja baada ya vipigo vya Mali na Senegal. Tena, CHAN ni ya wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee, ilhali kikosi cha 2004 kilikuwa huru kuwaita walio ng'ambo. Kumpima Ryan Ogam, aliyezifunga Morocco na Zambia, kwa kipimo cha Oliech ni kumdhulumu.

Swali zito ni hili: nani anamlea Oliech mwingine? Uwanja wa Kinoru uliandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018, na ule wa Moi mjini Embu mwaka 2023. Viwanja hivyo visikumbukwe kwa magwaride tu. Vifunguliwe kwa mashindano ya shule kila muhula, na mwalimu wa michezo apewe mipira na muda. Samaki mkunje angali mbichi.