Ufuta wote mnadani, mtoto ale nini?

Mzazi wa Ndundu, mbegu bora za ufuta kama Lindi 02 na Ziada 94, kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara, zimezalishwa ili uvune zaidi. Nazipongeza. Lakini msimu ukifika, magunia yote huenda mnadani na mtoto anabaki na uji mtupu. Ufuta una mafuta, protini na madini ya chuma, ambavyo uji wa sembe pekee haumpi vya kutosha.

Bakiza debe moja. Kaanga kidogo, twanga ulainike. Punje nzima hutoka kama zilivyoingia. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mwanzishie nusu kijiko cha chai kwenye uji. Akitoka vipele au akivimba uso, acha, mwahishe zahanati.

Fedha hutafutwa tena. Miaka 2 ya kwanza ya mtoto hairudi.