PININ, FUNDI BODI WA TURIN

Dereva aliyewahi kuendesha Peugeot 404 au 504 katika barabara za Afrika Mashariki alikuwa amekalia kazi ya ukoo mmoja wa Turin, nchini Italia, ingawa pengine hakulijua jina lake. Injini ilikuwa ya Wafaransa. Lakini umbo la gari, lile lililotambulikana tangu mbali kabla ya kusomwa namba yake, lilichorwa na nyumba ya Pininfarina.

Mzee wa nyumba hiyo, Battista Farina, alizaliwa mwaka 1893, akiwa mtoto wa kumi kati ya watoto 11. Nyumbani waliomzaa walimwita Pinin, neno la lugha ya Piedmont lenye maana ya mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 aliingia katika karakana ya kaka yake Giovanni, akajifunza kazi huko.

Siku zile motokaa haikununuliwa nzima. Tajiri alinunua chasisi yenye injini na magurudumu kutoka Fiat, Lancia au Alfa Romeo, kisha akaipeleka kwa fundi bodi. Fundi aliunda kiunzi cha mbao, akapiga mabati kwa nyundo hadi yakapata mviringo aliotaka, ndipo akakivika kiunzi. Gari lilikuwa kama suti ya fundi cherehani: lilikatwa kwa kipimo cha mwenyewe, na bei yake ilikuwa hiyo hiyo ya suti ya tajiri.

Mwaka 1920 Pinin alisafiri kwenda Marekani. Henry Ford alitaka kumwajiri, naye akakataa. Hata hivyo alirudi na fikira moja ambayo mafundi wengi wa Turin hawakuipenda: kwamba ufundi wa mkono usiosaidiwa na mashine hautadumu. Tarehe 22 Mei 1930 alifungua karakana yake mwenyewe, kwa msaada wa fedha kutoka kwa jamaa za mkewe na kwa Vincenzo Lancia. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia, wala haukuwa wakati wa kuuza vitu vya anasa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Italia ilihesabiwa kuwa adui aliyeshindwa, na watengenezaji wake hawakuruhusiwa kuonyesha magari katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1946. Pinin hakuandika barua ya malalamiko. Yeye na mwanawe Sergio waliendesha magari mawili, Alfa Romeo na Lancia, toka Turin hadi Paris, wakayaegesha nje ya jumba la maonyesho, pale ambapo kila aingiaye na atokaye hana budi kuyaona. Watu waliyazunguka. Mwaka uliofuata akatoa Cisitalia 202, gari dogo lisilo na pambo, ambalo mabawa, boneti na ubavu wake ni kitu kimoja. Mwaka 1951 liliwekwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, penye picha na sanamu.

Mwaka huo huo wa 1951 Enzo Ferrari wa Modena alitaka kusema naye, lakini hakukubali kwenda Turin. Pinin naye hakukubali kwenda Modena. Watu wazima wawili wakakutana katika hoteli ya chakula mjini Tortona, kati ya miji hiyo, ili asiwepo aliyemfuata mwenziwe. Mapatano ya mchana huo yalizaa magari kwa miaka zaidi ya 60.

Mapatano na Peugeot yalianza wakati huo huo, na ndiyo yaliyofika kwetu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho; matope yaliyameza mengine. Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978, na huko Kenya ikawa gari la abiria la safari ndefu, likibeba bibi harusi na magunia ya viazi kwa heshima moja.

Karakana ya kaka yake Giovanni ilifungwa mwaka 1953. Pinin aliendelea, na mwaka 1961 Rais wa Italia akamruhusu kuunganisha jina la utotoni na la ukoo, ikawa Pininfarina. Alifariki mwaka 1966, kazi ikiwa mikononi mwa Sergio na mkwewe Renzo Carli. Mwaka 1972 walifungua handaki la upepo la kupimia magari makubwa kwa madogo. Kuanzia mwaka 1986 bodi za Cadillac Allanté zilipakiwa katika ndege za Boeing 747, bodi 56 kwa safari, kutoka Turin hadi Detroit kwenda kutiwa injini. Ilikuwa fahari kubwa, na gharama yake kubwa vile vile.

Baadaye kampuni kubwa zikaanza kuchora na kuunda zenyewe. Viwanda vya Pininfarina vikakosa kazi, madeni yakaongezeka. Agosti 2008 Andrea, mwana wa Sergio aliyeiongoza kampuni, aliuawa barabarani akiwa juu ya pikipiki yake ndogo ya Vespa. Sergio akamzika mwanawe, naye akafariki Julai 2012. Desemba 2015 kampuni ya Mahindra ya India ilitangaza kununua asilimia 76 ya hisa.

Machi 2019, katika maonyesho ya Geneva, wenye mali wapya walionyesha gari la umeme lenye nguvu za farasi 1,900. Walilipa jina la Battista.