Kujitolea si Ujinga

Wako watu wasemao, "Kuokoa watu ni kazi ya serikali, ajitoleaye bila ujira ni mjinga." Neno hili hupenda kusemwa na walioketi kivulini, nami nasema ni neno la uongo.

Na tutazame jambo lililotokea katika Mlima Kenya mwezi wa Septemba 1970. Daktari mmoja wa Austria, Gert Judmaier, alikuwa akishuka kutoka kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199. Jiwe liling'oka, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Mwenziwe alimhudumia, kisha akashuka kutafuta msaada. Je, ni nani waliopanda? Walikuwa wanachama wa chama cha wapanda milima wa Kenya, watu wenye kazi zao, wasiolipwa hata senti. Siku baada ya siku walishindana na mwamba na baridi wapate kumhudumia. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka mlimani. Lilipita zaidi ya juma moja, hata wakafika waokoaji kutoka Austria wakamteremsha, naye yu hai.

Kama wale wa kwanza wangaliketi wakingoja serikali, hao wa Austria wangalikuta maiti. Serikali ina wajibu wake, sikatai. Lakini mto ufurikapo usiku wa manane, afikaye kwanza ni jirani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini nawapinga vile vile wasemao kwamba moyo mwema watosha. La hasha! Kwa nini wenyeji, pamoja na ushujaa wao wote, hawakuweza kumteremsha upesi, na wageni wakaweza? Kwa sababu wageni walikuwa na vyombo vya kazi hiyo na mazoezi ya miaka mingi. Mfa maji hukamata maji: ajitosaye mtoni naye hajui kuogelea, atawaachia wafiwa misiba miwili badala ya mmoja.

Basi, enyi vijana, msijisifie huruma ambayo haijui kufunga jeraha. Jifunzeni kuogelea, jifunzeni kuzuia damu, jifunzeni fundo la kamba lisilofunguka, na kumtii kiongozi mahali pa hatari. Jifunzeni sasa, mngali shuleni, kwa maana ajali haitangulizi barua.