Maziwa ya Mama na boksi la Kizungu

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Wikiendi nilipanda Mgeta kumsalimia Mama. Kule milimani Morogoro mbuzi wa maziwa si pambo. Tangu watu wa Sokoine wapeleke mbuzi wenye asili ya Norway miaka ya 1980, maziwa yamesomesha watoto wengi. Mimi mmojawao. Hii digrii ninayoringia hapa inanuka mbuzi.

Asubuhi kijana wa duka la dawa za mifugo alikuja kumchoma mbuzi mmoja sindano ya minyoo. Akalipwa, akaacha boksi, akaondoka. Jioni Mama akamkamua, akamimina kwenye ndoo ya wateja.

"Mama, amekwambia usubiri siku ngapi?"

"Kusubiri nini, mwanangu? Boksi hilo hapo. Hicho Kizungu si ndicho nilichokupeleka shule ukasome?"

Nikasoma. Maandishi madogo kama mayai ya chawa: ivermectini, isitumike kwa mnyama ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Kijana wa duka alijua? Kama alijua, mbona alinyamaza? Kama hakujua, nani kampa sindano?

Najua mtaniambia dawa hiyo hiyo binadamu tunagawiwa kwenye kampeni za matende. Kweli. Lakini tunapewa kwa kipimo, na wajawazito na watoto wadogo huachwa. Mtoto wa mteja wa Mama nani kampimia? Dawa hii hupenda mafuta, kwa hiyo hukaa kwenye maziwa siku nyingi. Na msijidanganye na kuchemsha. Moto unaua vijidudu vya brusela, dawa hauiondoi.

Basi tuache kutibu? Hapana! Minyoo ya tumboni hunyonya damu mpaka mbuzi anakufa. Tutibu kwa akili. Wenzetu wa Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi iitwayo FAMACHA: unafunua kope la mbuzi, ukikuta wekundu mzuri unamwacha, ukikuta weupe unatibu. Kuwachoma wote kila mara ni kuwafundisha minyoo kuizoea dawa. Majani yakatwe umande ukishakauka, tena juu juu, maana viluwiluwi vya minyoo hupanda na unyevu. Na anayekamuliwa atafutiwe dawa inayoruhusiwa, siku zake za kusubiri zihesabiwe.

Sasa nani wa kulaumiwa? Mama? Thubutu! Nchi inayofundisha watoto wake Kiswahili tangu darasa la kwanza inamuuzia mfugaji sumu ya minyoo kwa Kiingereza. Nataka siku za kusubiri ziandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, usoni mwa boksi. Muuzaji asiyezitamka afungiwe duka.

Na sisi wa mjini tunaopenda maziwa "asilia", tuulize: mbuzi huyu katibiwa lini? Tukijibiwa ukweli tusikimbie. Tulipe bei inayomwezesha mfugaji kumwaga maziwa siku akilazimika.

Nilipomsomea Mama lile boksi alikaa kimya. Kisha akabeba ndoo nzima, akaenda kuimwaga nyuma ya banda. Ile ilikuwa hela ya sukari na sabuni ya wiki. Mimi nilimrudishia. Wale wasio na mtoto mwandishi wa habari, nani atawasomea, na nani atawarudishia?

Naomba kutoa hoja.